Keki ya Dawa Iliyoshindwa

Basi lilijaa. Mama aliyesimama alimpakatisha mzee aliyeketi keki yake, akamwambia chama chao cha kuchangia utafiti wa figo kimepata majibu: ile dawa ya watoto iliyokuwa ikijaribiwa haisaidii kitu.

"Sasa keki ya nini?" mzee akauliza. Hata mimi nilitaka kujua.

"Binti yangu alikuwa akiinywa anatapika kila asubuhi. Daktari kaifuta. Leo amekunywa chai, akaomba mkate wa pili!"

"Mmechanga miaka yote mje kuambiwa hapana? Hela hizo zingejenga wodi."

"Wodi ya kutapikia, baba?"

Tukacheka basi zima. Likasimama kituoni kwa mama. Mzee, bado akibisha, aliinuka akampelekea keki mlangoni, ameiinua juu ya vichwa vyetu kama kombe.