Munyu Niliompa Truphena

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu, ambaye alinitoa mahali nisipoweza kujitoa mwenyewe. Sikwenda shule hata siku moja. Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Rael, nami nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asinipunguzie aibu kwa sababu mimi ni nyanya yake. Aibu ni yangu na sifa ni za Bwana.

Miaka michache baada ya uhuru, mume wangu, aliyekuwa fundi seremala, alinitoa kwetu magharibi akanileta Kibera, upande wa Silanga, kando ya bwawa. Nililima mboga pale karibu na maji, kunde, saga na mrenda, na kila adhuhuri nilipika na kuwauzia mafundi wa ujenzi. Mungu alikuwa amenipa watoto wanne. Katika kanisa letu la mabati nilikuwa mkuu wa wapishi. Hapakuwa na harusi wala matanga ambayo sufuria yake haikupita chini ya mkono wangu. Cheo hicho kilikuwa kidogo, nami nilikipenda kama mtu apendavyo ufalme.

Kisha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaoa, akamleta mkewe katika chumba kilichopakana na chetu. Jina lake Truphena. Hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba, na viatu vyake vilikuwa jozi moja. Lakini alijua kupika mboga kuliko mimi.

Wale mliokulia magharibi mnajua kwamba mboga zetu hazipikwi kwa chumvi ya duka peke yake. Tunachoma maganda makavu ya maharagwe, tunayaweka majivu yake katika chungu chenye matundu, tunapitisha maji polepole, na yale yanayodondoka chini ndiyo munyu. Munyu hulainisha mrenda na kuondoa ukali wa kunde. Kila mwanamke huchuja wake, na kipimo chake kiko katika vidole vyake. Vidole vya Truphena vilikuwa na kipimo ambacho vyangu havikupewa.

Naye akaanza kuuza chakula cha mchana. Siku moja mwashi aliyekuwa mteja wangu tangu mwanzo alipita na wenzake mbele ya jiko langu bila kusimama.

"Mama Nafula, leo usitupikie," akasema. "Tunavuka pale kwa bibi ya shemeji yako."

Nikamwuliza, "Mboga zangu zina nini?"

"Hazina kitu, mama. Hiyo ndiyo shida."

Wenzake walicheka hadi mmoja akaketi juu ya jiwe. Hata mimi nilicheka, ndugu zangu, kwa midomo. Jioni mume wangu akaletewa bakuli kutoka kwa ndugu yake. Akala akamaliza, akalipangusa kwa ugali, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Hebu mwulize Truphena mrenda huu anaufanyaje." Kama angenipiga, ningesahau kwa haraka zaidi.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Nilihesabu watu walioingia kwake. Nilisikiliza ukutani nijue kama anagombana na mumewe, na niliposikia kicheko, niliisukuma sahani yangu kando. Nilikuwa na watoto wanne, yeye hakuwa na hata mmoja, na bado nilimwonea wivu kama kwamba mimi ndiye tasa. Kanisani nilimsalimia kwa mikono miwili, kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Katika majuma hayo mwinjilisti wetu alikuwa akitufundisha habari za bustani, na jinsi dhambi ya wazazi wetu wa kwanza ilivyotufikia sisi sote. Niseme kweli, fundisho hilo halikunipendeza. Niliona Hawa alikuwa mwanamke mpumbavu, na kwamba ningekuwa mimi pale, nyoka angeondoka na tunda lake. Sikuiba, sikulewa, sikuzini. Ile dhambi ya asili niliwaachia walioihitaji.

Mwaka huo kanisa letu lilipata tawi huko Kawangware. Mama mmoja mwenyeji wa Gatina, sehemu ya Kawangware, mwenye ploti, alitupa nafasi ya kujenga, na siku ya kuifungua nyumba ya ibada wageni wengi walitarajiwa. Wazee walikaa kuchagua wapishi. Mzee wa kanisa akasimama akasema, "Safari hii Truphena asimamie. Mama Nafula apumzike, ametumika sana." Watu wakapiga makofi. Walidhani wananiheshimu.

Asubuhi ya siku ya ufunguzi Truphena alikuja mlangoni kwangu ameshika kichupa. Munyu wake ulikuwa umemwagika njiani kutoka jikoni, na hapakuwa na muda wa kuchuja mwingine.

"Mama Nafula, nisaidie munyu," akasema. "Nimeaibika. Siku kama ya leo."

Ndani nilikuwa na mitungi miwili. Mmoja ulikuwa munyu halali wa maganda ya maharagwe. Wa pili ulikuwa maji ya majivu ya mbao kuukuu zilizopakwa rangi, ambazo mume wangu alizitoa kwenye nyumba iliyobomolewa. Hayo nilifulia magunia na kuulia kunguni. Kwa macho huwezi kuyatenganisha, yote ni rangi ya chai nyepesi. Ni ulimi tu unaojua.

Ndugu zangu, kuna watu wanaongoja jaribu lije na pembe. Jaribu langu halikuwa hata na sauti ngeni. Lilisema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa utaratibu, kama mtu mwenye busara. Liliniambia, si sumu, ni majivu tu. Liliniambia, hutamwumiza mtu, mboga zitakuwa chungu kidogo, basi. Liliniambia, wakionja leo watajua kesho wamwite nani. Nilisimama gizani kati ya mitungi miwili kwa muda ambao mtu angeweza kuomba sala fupi. Sikuomba. Nikainama kwenye mtungi wa pili.

Sikilizeni pia jambo hili. Katika ukoo wetu, mke wa mdogo akipewa kitu na mke wa mkubwa, hakionji mbele yake, kwa maana kuonja ni kumshuku. Nilijua hataonja. Niliitumia adabu yake kama kamba ya kumfungia. Alipokea kichupa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Mungu akuzidishie."

Huko Gatina wageni walikaa, sala ikaombwa, mboga zikagawanywa. Mwenye ploti aliweka tonge mdomoni, akatulia, akageuka pembeni akatema kwenye kitambaa. Wengine walimeza kwa heshima, nao wakaumwa matumbo siku mbili. Mzee wa kanisa akaenda jikoni, nami nikafuata nyuma nione.

"Truphena, hiki ni nini? Umetia sabuni?"

Nilimwona akichovya kidole katika sufuria na kukiweka kwenye ulimi. Nikaona alivyoelewa. Akainua macho, akanitazama mimi, si kwa muda mrefu.

Mzee akauliza tena, "Munyu huu umetoka wapi?"

"Ni mkono wangu, mzee," akasema. "Nilikosea mimi."

Hakuna aliyeniuliza lolote. Jumapili iliyofuata nilirudishiwa mwiko.

Mngedhani ningemshukuru. La. Nilizidi kumchukia, kwa sababu sasa alikuwa amenishinda hata katika wema. Kwanza nilimwonea wivu kwa mboga zake, sasa nilimwonea wivu kwa kunisitiri. Mafundi waliacha kula kwake, wakisema jiko lake ni chafu. Mumewe akatafuta kazi Kawangware, wakahama. Nilisimama mlangoni nikatazama godoro lao likichukuliwa, na moyo wangu haukupata ile furaha uliyoahidiwa. Karibu mwaka mzima nilipika kwa ajili ya kanisa, nikala mezani pa Bwana, nikainua mikono wakati wa nyimbo. Kila niliposifiwa nilisikia ladha ya magunia mdomoni.

Bwana hakunijia kwa ndoto wala kwa nabii. Alinijia kwa mtoto wangu Nafula, aliyekuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimempakata mdogo wake, nikimsifu kwa hatua zake za kwanza. Nikamweka chini, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi, uji wa mdogo ulikuwa umejaa mchanga, na mikono ya Nafula ilikuwa na mchanga hadi kwenye viwiko.

"Nani ametia mchanga?"

"Ni paka," akasema.

Hatukuwa na paka.

Nikachukua fimbo. Mimi ni mama mkali, wanangu wote watashuhudia, na Rael anayeandika anajua pia. Nikaiinua, nikamwuliza, "Nani amekufundisha mambo haya?" Swali hilo lilitoka mdomoni mwangu likarudi kunipiga mwenyewe. Nani amemfundisha? Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilichotenda. Hakuna aliyemwonyesha mtoto yule kumchafulia mwenzake chakula kwa sababu ya sifa, wala kumsingizia asiyekuwepo. Alizaliwa nayo, kama nilivyozaliwa nayo mimi, na mama yangu, hadi kule bustanini. Tofauti yetu ilikuwa moja tu, kwamba yeye alikuwa na miaka mitano na mimi nilikuwa mpishi mkuu wa kanisa.

Nikaweka fimbo chini. Nikapiga magoti kando ya uji ule wenye mchanga, nikasema, "Bwana, mimi ndiye." Nililia kwa namna ambayo Nafula aliogopa, akaja akanishika shingo, akakubali kwamba si paka aliyetia mchanga.

Siku ya pili yake nilitembea kwa miguu. Nikapita mtaa wa Lindi, huko huko Kibera, nikapanda hadi barabara ya Ngong, nikaivuka, nikashuka Kawangware nikiuliza njia hadi Gatina. Nilimkuta Truphena ameketi nje ya chumba chake akichambua mrenda. Alinipa kigoda. Sikukaa.

"Nilijua ni mtungi gani," nikamwambia. "Sikukosea. Nilichagua."

Aliendelea kuchambua majani. "Najua, Mama Nafula. Nilijua kwenye ulimi."

"Mbona hukusema?"

"Wangekufukuza, na wewe ndiwe mkubwa wangu hapa mjini. Ningebaki na nani?" Akatupa bua pembeni. "Usifikiri mimi ni malaika. Mwezi wa kwanza nilimwomba Mungu akuue. Mwezi wa pili nikamwomba akuumize tu. Baadaye nikachoka kukubeba, nikakuacha kwake."

"Unisamehe."

"Nilishakusamehe. Lakini kuna kitu siwezi kukisamehe, kwa sababu si changu kukitoa. Silanga nzima inasema mimi ni mchafu. Jina langu uliliacha huko. Likirudi, litarudi kwa mdomo wako."

Njiani nikirudi, yule mwenye sauti yangu alitembea nami. Akaniambia, umesamehewa na Mungu, umesamehewa na Truphena, ya nini tena kujianika? Wataka mumeo akutazame vipi? Safari hii nilimtambua. Nikamjibu barabarani, watu wakanigeukia, "Nimekusikiliza vya kutosha."

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa lote. Nilitaja mtungi, nilitaja kunguni, nilitaja kwamba nilijua hataonja. Wanawake waliguna. Yule mwashi aliyenifanyia mzaha aliinamisha kichwa. Mume wangu alitoka nje, na kwa juma moja hakula chakula changu. Wazee walinivua uongozi, wakaninyima meza ya Bwana miezi mitatu, wakaniambia niketi benchi la nyuma kabisa. Walitenda haki, nami sikuwapinga.

Jumapili ya kwanza ya adhabu nikakaa benchi lile peke yangu. Katikati ya wimbo mlango ukafunguka, Truphena akaingia, ametoka Gatina kwa miguu. Watu wakainuka kumsalimu, mzee wa kanisa akamwonyesha nafasi mbele. Akatikisa kichwa, akaja akaketi nami, akasema kwa sauti ya chini, "Sogea, mama. Benchi si lako peke yako."

Je, mnajua moyo wangu ulifanya nini saa ile? Uliwaona watu wakimwinukia, ukaanza tena. Pale pale, bega lake likigusa bega langu! Ndipo nikajua kwamba sikuhitaji Mwokozi wa siku moja. Nikasema kimya, "Bwana, umeona, inainuka tena, ishike wewe." Akaishika. Tangu siku hiyo nimelala usingizi, nimekula chakula kikawa na ladha ya chakula.

Ndugu zangu, sasa mimi ni mzee. Nilirudi mezani pa Bwana, lakini mwiko wa kanisa sikurudishiwa, na ni vizuri hivyo. Truphena yuko hai, yuko Gatina, na Mungu alimpa watoto wawili. Watu wanapozisifu mboga zake mbele yangu, jambo lile la kale bado hugeuka kifuani, kama mtu anayegeuka kitandani. Sikubali kulilisha wala sibishani nalo. Ninamwita aliyeniokoa, naye huja.

Nawe unayesoma, usijisifu kwamba hukula tunda. Kama umemtendea mtu neno ambalo yeye amelinyamazia, usilale juu ya ukimya wake. Inuka, mwendee, mwambie kwa kinywa chako, kisha ukae benchi lolote utakaloonyeshwa. Yesu hukaa huko nyuma pia. Ashukuriwe yeye, nami namshukuru.