Mama Vipuri na Barua ya Sili Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Vipuri anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha sabuni kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ofisi ya rasilimali watu imeniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nitajitahidi.

Alianza kama mfagiaji wa stoo ya vipuri, enzi za mashine nne tu. Alikuwa akifagia huku akisoma maandishi ya kwenye maboksi. Mwaka wake wa tatu mtunza stoo aliugua, na fundi mmoja akaja mbio kutafuta beringi. Mfagiaji akaweka ufagio chini, akaenda moja kwa moja hadi rafu ya sita na kuitoa. Ufagio ule hakuushika tena.

Mafundi walizoea kumwendea na maelezo ya ajabu, mfano "kile kiduara cha mashine ya kukata". Yeye aliuliza tu mashine inalia vipi, kisha akaleta kitu chenyewe. Kila kipuri kilikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na mwandiko wake ulionyooka kama umepigwa rula. Mume wake, fundi cherehani, hulalamika huku akicheka kwamba nyumbani hata mkebe wa chumvi una kadi, na kwamba akitaka sindano mpya lazima atie sahihi.

Miaka mitatu iliyopita uongozi ulinunua mfumo mmoja wa kompyuta wa kuunganisha manunuzi, stoo, uzalishaji, mauzo na mishahara. Wakaja washauri sita, wakapewa ukumbi wa mikutano na kiyoyozi kipya. Walitaka orodha ya kila kilichomo stoo. Kwa miezi mitano Mama Vipuri alikuwa juu ya ngazi, miwani puani, akihesabu na kueleza vipuri elfu nane na mia mbili. Wapo waliomnong'oneza kwamba anajichimbia kaburi. Akawajibu kuwa vipuri ni vya kiwanda, si vya mama yake.

Alipopitia orodha iliyochapishwa aliona kosa. Sili mbili, zile pete za kuzuia uvujaji, zilikuwa zimeingizwa kwa namba moja kwa sababu vipimo vyake ni sawa. Moja ni ya pampu ya maji baridi. Nyingine ni ya boila, na hustahimili joto. Ukizitazama haraka haraka ni pacha. Aliandika barua kwa meneja wa mradi, nakala akaniletea mimi, katibu wa kamati ya mradi huo. Meneja alimwambia mbele yangu kwamba muda wa kusahihisha umepita na makao makuu wameshatangaziwa siku ya uzinduzi.

"Mama, mfumo haukosei," alimwambia. "Wanaokosea ni watu waliozoea kadi."

Niliigonga muhuri nakala yangu, nikaiweka kwenye faili.

Uzinduzi ulikuwa na keki na fulana. Wiki ya tatu, kwa amri ya uongozi, Mama Vipuri alikuwa darasani akirudia mtihani wa kompyuta alioufeli. Aliyeshika nafasi yake stoo alifuata skrini, na pakiti za sili zote mbili zilikuwa zimebandikwa namba moja. Fundi wa boila akapewa sili ya maji baridi, akaifunga kwa nia njema. Saa nne asubuhi ikapasuka. Mvuke ulimuunguza mkono wa kulia, na hadi leo vidole viwili havikunjiki.

Ripoti ya uchunguzi ilisema chanzo ni taarifa zisizo sahihi kutoka stoo. Mama Vipuri aliitwa kikaoni, akakaa kiti cha mwisho. Meneja aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Barua ilikuwa ndani ya faili niliyoiwekea kiwiko. Wiki ile nilikuwa nimeahidiwa cheo. Nikatazama dirishani.

Alipewa onyo la maandishi na kuhamishiwa chumba cha kumbukumbu, jirani na choo cha wageni. Huko amemalizia miaka miwili akipanga mafaili yasiyouliziwa na mtu. Kosa la sili lilirekebishwa kimyakimya. Meneja alipandishwa, akahamia makao makuu. Mimi nilipata cheo changu.

Kwa muda wote huo hakumsema mtu. Kila Jumapili alikwenda nyumbani kwa fundi wa boila, akamfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto.

Wiki iliyopita nilimfuata chumbani kwake nikamweleza yote, kana kwamba hayajui. Alinisikiliza huku akifunga faili kwa uzi.

"Siku ile nilikuwa nakutazama wewe tu," alisema. "Nilijua unayo."

Nikamwomba msamaha. Alikata uzi kwanza.

"Mwombe fundi. Mimi niandikie wasifu wangu, na tarehe uziweke sawa."

Kwa fundi nimekwenda. Alinifungulia mlango, akanisikiliza pale pale kizingitini, akaufunga. Jana nimemkabidhi mkurugenzi nakala ya barua na maelezo yangu, nikiomba onyo lifutwe. Sijajibiwa.

Basi tarehe ni hizi, zote za mwaka juzi. Barua ya Mama Vipuri iliandikwa na kupokelewa 9 Machi. Mfumo uliwashwa 10 Aprili. Sili ya boila ilipasuka 28 Aprili. Mwandishi wa barua alipewa onyo 12 Mei.

Mama Vipuri, ahsante kwa kazi yako na kwa uvumilivu ambao hatukustahili kuutegemea. Tunakutakia afya njema, usingizi mtamu, na miaka mingi mbali na sisi.