Mzee Gundi na Jungu Lisilo na Mdomo

Bwana Andongwisye Mwaisemba, Mhifadhi Mkuu wa Makumbusho ya Mwambao hapa Matema, Kyela, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Wasifu wake nilikwisha kuuandika tangu Aprili, mzuri tu, wenye tarehe zake na vyeti vyake. Nimeuchana. Baada ya yale niliyoyaona mwezi huu kwa macho yangu mwenyewe, wasifu ule ungekuwa wa mtu mwingine. Mniwie radhi, bado sijatulia.

Alianza kazi mwaka 1992, kijana wa Talatala aliyetoka masomoni Dar es Salaam na begi moja la nguo na katoni nzima ya gundi. Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja kinachovuja, popo wakiwa wengi kuliko wageni. Akaanza kuzunguka na baiskeli mashambani Njisi na kandokando ya Mto Songwe, akiwaomba wakulima wa mpunga wasitupe vigae vya vyungu vilivyofukuliwa na majembe yao. Wengi walidhani amechanganyikiwa. Walimjazia vigae kwenye gunia, wakamwongezea na mkungu wa ndizi kwa kumhurumia.

Vigae hivyo aliviunga kimoja kimoja, kwa subira ambayo sijaiona kwa binadamu mwingine. Tukamwita Mzee Gundi. Mkewe, mama Marta, anasema hajawahi kumfulia suruali ambayo mifuko yake inafunguka. Aliunga kikombe cha karani, miwani ya mlinzi, na soli ya kiatu cha mgeni mmoja kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, ambaye hadi leo anatuma salamu. Tulimtania kwamba ndiye mtumishi pekee mwenye ruhusa ya kushughulika na majungu saa za kazi.

Ukali wake nao mnaujua. Watoto wa shule waliingia ukumbini mikono ikiwa mgongoni kama wafungwa. Mheshimiwa mmoja, jina naliweka kapuni, alinyoosha kidole kuligonga jungu la katikati ya ukumbi asikie linavyolia, naye akapigwa kofi mkononi mbele ya msafara wake wote. Mhifadhi hakuomba radhi. Aliyeomba radhi ni mheshimiwa.

Hilo jungu la katikati ndilo lililotufikisha hapa. Lilikuwa la kikundi kilichoitwa Vunja Jungu, kilichoanzishwa mwaka 1946 na askari wa huku waliorudi kutoka vitani Burma, Wanyakyusa Wakristo pamoja na wafanyabiashara Waislamu wenye ndugu upande wa pili wa mpaka. Wanawake wafinyanzi wa pwani ya ziwa waliwafinyangia vyungu, wao wakavitia rangi. Vigae vyote alivyookota Bwana Andongwisye vilikuwa vya kikundi hicho. Jungu zima lilikuwa moja tu, tena la ajabu, duara tupu, halina mdomo, lina tundu dogo la kupitisha mvuke. Lililetwa na ndugu wa ukoo wa marehemu Ambilikile, mmoja wa waasisi, na huyo ndugu hakujua lolote zaidi ya kwamba lilikuwa linakaa pembeni ya nyumba.

Sasa, Mswahili yeyote ukimwambia vunja jungu, anajua unazungumzia nini: shibe ya mwisho kabla ya mfungo wa Ramadhani. Bwana Andongwisye alielewa hivyo hivyo, nasi sote tukaelewa hivyo. Akaandika kwenye kibao kwamba hiki kilikuwa kikundi cha karamu, kwamba rangi zilizoonekana ndani ya vigae ni mabaki ya kuchanganyia rangi, na kwamba jungu lisilo na mdomo ni ishara ya kinywa kilichofungwa kwa saumu. Maelezo hayo yalikuwa matamu mno. Mimi mwenyewe nimewasomea wageni kwa miaka, nikinyanyua na kidole.

Juni hii tukafungua maonyesho yake ya kuagia, Baada ya Vita, kuhusu vikundi vya sanaa ya majaribio. Ukuta mmoja ulikuwa na picha za wasanii wa Japani na Ulaya ambao, walipochoshwa na mabomu, walianza kuchora kwa miguu na kurarua karatasi mbele ya watazamaji. Wazee kutoka Njisi waliziangalia wakashika vichwa. Bwana Andongwisye aliwatuliza akisema huko ni kwao, huku kwetu wasanii walikuwa watu wa kula na kunywa kwa amani.

Ndipo akaingia Bibi Kisa, mtoto pekee wa yule Ambilikile. Ana miaka themanini na tatu, aliolewa Karonga angali binti, na hajawahi kukanyaga makumbusho yetu. Alisalimia vizuri, mwagonile kwa kila mtu, akasomewa kibao. Msomaji alipofika kwenye saumu, bibi akaanza kucheka. Alicheka hadi akatafutiwa kiti, kisha, akiwa palepale kwenye kiti, kicheko kikageuka kilio.

Alisema hawakuwa watu wa karamu. Walivunja majungu. Jina lao ndilo tendo lao, halina fumbo. Kila mmoja wao alichora upande wa ndani wa jungu lake, kabla mfinyanzi hajaliziba, jambo aliloliona vitani ambalo mdomo wake ulishindwa kulisema. Jungu likachomwa. Siku ya zamu yake ilipofika, walikusanyika kando ya mto, akalivunja, wote wakatazama mara moja bila neno, vigae vikaachwa majini. Mvunjaji ni mwenyewe au mtoto wake, basi. Baba yake alikufa kwa homa kabla ya zamu yake.

Sitausahau uso wa Bwana Andongwisye. Alikuwa amesimama kati ya vyombo vyote alivyoviunga ujana wake mzima, na akaelewa mbele ya wageni waalikwa kwamba kila alipotia gundi, alikuwa anafunga kile ambacho wenyewe walikifungua. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Tulimfuata, tukakaa naye.

Bibi Kisa hakuwa na habari na aibu zetu. Alitaka kuvunja jungu la baba yake. Alisema ameishi bila kujua ni nini kilimkaa rohoni yule mtu aliyemrudia kutoka vitani akawa hazungumzi, na hana mpango wa kufa hivyo. Fundi wetu wa umeme akapendekeza kamera nyembamba ipenye kwenye tundu la mvuke. Bibi alimtazama akamjibu kwamba baba yake hachunguliwi.

Ndugu zangu, mfikirie mzigo huo. Jungu zima lililobaki ni moja, mhifadhi amebakiza siku chache aage kwa heshima, na idhini ya kulivunja ni sahihi yake, si ya mtu mwingine. Bodi ilimwachia aamue. Wapo waliompigia simu kumwambia ataondoka akiwa mharibifu. Mimi nilikuwa upande wa kutovunja, na nilimweleza wazi. Kantini hakuonekana. Alikuwa amejifungia stoo na beseni la maji ya moto, akibandua gundi yake mwenyewe, kigae baada ya kigae, na kuvigeuza rangi zitazame juu. Nilipochungulia niliona mvua imechorwa, na tope, na viatu vingi bila miguu. Nilifunga mlango nikaenda kunywa maji. Hoja zangu zote za kutovunja ziliniishia pale.

Jumatano iliyofuata alitoka na jungu kifuani, akalibeba mwenyewe hadi uani, pale mchanga unapokutana na nyasi. Akapiga magoti akalikabidhi. Mikono ya Bibi Kisa ilikuwa imara kuliko yetu. Hakuhutubia. Alilinyanyua hadi usawa wa kifua na kuliachia juu ya jiwe, na mlio wake haukuwa mkubwa hata kidogo.

Tulitazamia vita, moto na maiti. Ndani kulikuwa na nyumba ya miti iliyosimama juu ya nguzo, na mwanamke ameketi kwenye ngazi, nywele zake nyeusi zilizonyooka zikishuka hadi kiunoni, ua limechomekwa sikioni. Si mtu wa huku. Mapajani alikuwa amempakata mtoto mchanga, na nywele za yule mtoto zilikuwa kipilipili kama zetu.

Desturi ilikuwa kutazama bila neno. Bibi Kisa aliivunja nayo. Alisema taratibu, "Kumbe nina mdogo wangu."

Nimefanya kazi hapa miaka kumi na saba na sijawahi kushtuka namna ile. Mtu mzima, aliyejijua kuwa mtoto pekee tangu azaliwe, anapata ndugu uani kwetu saa nne ya asubuhi. Bwana Andongwisye, ambaye hajawahi kuruhusu hata ushanga utoke kwenye geti hili, aliinama akaokota kigae chenye sura ya mtoto, akakipangusa mchanga kwa shati lake, akampa. Bibi akamshukuru, ndaga fijo, akakifunga kwenye ncha ya kitenge.

Bwana Andongwisye, umetuachia jengo lenye kumbi nne, wahifadhi uliowafundisha, na kibao kipya ulichokiandika kwa mkono wako kukiri kwamba tulikosea. Kwa hayo tunakushukuru kwa moyo wote. Tulijua unakwenda Talatala kupalilia kakao, tukakununulia mabuti na toroli. Kumbe juzi umeonekana kwenye ofisi ya uhamiaji, umemshika mkono Bibi Kisa, mkiulizia hati za kusafiria. Tumeambiwa afisa aliuliza madhumuni ya safari, na bibi akajibu anakwenda Burma kumsalimia mdogo wake.

Mabuti tutakutunzia. Tunakuombea afya njema na miguu isiyochoka, na huko muwakute watu wenye subira ya kuwasikiliza. Mkimpata huyo mtoto, naye sasa ni mzee wa miaka themanini, msianze na historia wala makumbusho. Mwambieni tu kwamba anaye dada kutoka nyumbani kwao Kyela, na amekuja mwenyewe.

Jubilate Mwambungu
Idara ya Elimu na Wageni