Nani Amewahi Kumpakata Mkanda

Nilikuwa kwenye kola ya gauni la tatu la muuguzi, pasi imeshika moto vizuri, kitindamimba wangu alipotoka ndani mbio akasimama kando ya meza. Mimi napiga pasi nguo za watu kibarazani kwetu. Pembeni ya meza kuna benchi ambalo mume wangu, mchomeleaji, alilitengeneza kwa vyuma vilivyobaki kazini ili wateja wakae wakingoja. Wateja hawajawahi kupata nafasi. Analikalia Kinyozi, ambaye duka lake la mlango wa pili halina mtu mchana. Analikalia Mawimbi, fundi redio ambaye hakuna anayemletea redio tena. Na analikalia Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kuita majina ya washtakiwa mlangoni mwa mahakama. Kahawa yao inakaa juu ya jiko langu.

— Mama, Mkanda amemuuma dada tena, akasema mtoto. Dada kasema nisikwambie.

Nikasimamisha pasi.

Mkanda ni chatu mchanga, hana sumu, na urefu wake hauzidi mkono wangu. Kaka yangu, anayefuga nyoka, alimpa binti yangu wa kati wiki tano zilizopita. Jina alilipata siku mume wangu alipotaka kuvaa suruali bila kuwasha taa. Mimi nilikubali akae kwa sharti moja: akiuma mara ya tatu, anarudi kwa mjomba. Na mjomba alikuwa anapita Jumamosi.

Nikamwita binti. Akatoka na sanduku la Mkanda kifuani na glavu za baba yake za kuchomelea kwapani. Amevaa sweta, na jua lile.

— Kunja mikono ya sweta.

— Mama, nasikia baridi.

— Kunja.

Akakunja. Vitone vyekundu, vimejipanga nusu duara. Nikahesabu sehemu sita.

— Mimi niliambiwa mara mbili, nikasema.

Aliweka sanduku mwisho wa benchi, na wanaume watatu wakasogea mwisho wa pili kama waliosukumwa na mkono mmoja.

— Shemeji, usimkasirikie mtoto, akasema Kinyozi. Tatizo ni sabuni. Ukinawa sabuni yenye harufu, nyoka anaona umemjia kwa shari. Amletee mkono unaonuka poda, atalala.

— Poda ya kwako? akauliza Mawimbi. Wateja wako wenyewe hawalali, wanakimbia. Sikieni. Huyu hajazoea sauti za watu. Awekwe karibu na redio, taarifa ya habari asubuhi na jioni. Wiki moja tu.

— Nyoka hana masikio, baba, binti akasema taratibu.

— Ndiyo maana haitamsumbua.

Hakimu alikuwa akipuliza kahawa yake. Anapenda kusema wa mwisho, kwa hiyo mara nyingi kahawa yake inapoa.

— Ninyi mnabembeleza mkosaji. Huyu hajui mwenye nyumba ni nani. Binti, mtazame machoni mpaka yeye ndiye afumbe kwanza. Nimeona watu wazima wakikubali makosa hivyohivyo.

— Hana kope, akasema binti. Hafumbi.

— Hafumbi kabisa?

— Hata akilala.

Hakimu akaweka kikombe chini. Nikaona jambo hilo limemgusa.

— Basi awekewe kioo, akasema. Ajione alivyo mdogo. Akishajua kipimo chake ataacha jeuri.

— Anajua, binti akasema.

— Anajua nini?

— Kwamba ni mdogo. Mjomba alisema ndiyo maana anauma. Kila kinachomjia ni kikubwa kuliko yeye.

Mawimbi alijaribu kuleta hoja ya kumng'oa nyoka meno, Kinyozi akamwambia aanze na yake, lakini hakuna aliyecheka sana.

— Mjomba wako alisema nini kingine? nikauliza.

— Alisema nikimtoa, akiuma, nisimrudishe palepale. Nikimrudisha, anajifunza kwamba kuuma kunasaidia. Nimngoje atulie, ndipo nimrudishe. Na akishakula nimwache siku mbili.

— Na wewe unafanyaje?

— Namrudisha palepale. Naogopa, mama. Halafu nilijua ukisikia...

Nilifikiri juu ya sita na mbili. Mara nne mtoto wangu aliumwa akaenda kutafuta sweta badala ya kunitafuta mimi.

Muuguzi alifika wakati huo kuchukua magauni yake. Ni mpya mtaani, anafanya kazi wodi ya watoto wachanga, na miguu yake huwa imevimba kama yangu. Alitaka kukaa, akakuta watu watatu wamebanana upande mmoja na sanduku upande wa pili. Kinyozi akamweleza kesi yote, na poda, na redio, na kioo.

— Unamshikaje? muuguzi akamuuliza binti.

Binti akavaa glavu, akaonyesha kwa kipande cha kamba: mkono unashuka kutoka juu, unabana nyuma ya kichwa.

— Huko ni kumkamata, akasema muuguzi. Mimi nyoka siwajui. Lakini mtoto wa siku moja ukimjia kutoka juu hivyo, hana pa kuegemea chini, anarusha mikono na kulia, na hana hata jino.

Akawageukia wale watatu.

— Ninyi wazee mmemzungumzia kutwa. Nani kati yenu amewahi kumpakata?

Kinyozi alitazama vidole vyake. Mawimbi alitazama birika. Hakimu alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Muuguzi akachukua magauni yake mawili, akasema la tatu atalipitia kesho, akaenda kazini.

Nikaitoa pasi mezani. Nikanawa mikono kwa maji matupu, nikakaa kwenye ile nafasi ya katikati, kati ya sanduku na wanaume, nikatandaza aproni mapajani.

— Vua glavu. Mtoe ukimjia ubavuni. Mkono uwe chini yake.

— Ataniuma.

— Huenda. Nipo.

Mkanda alimuuma. Kwenye kidole gumba, haraka, kisha akajikunja na kutoa mlio kama pasi inapogusa nguo yenye maji. Binti akanitazama, machozi yanamlengalenga, mkono haukurudi sandukuni. Nikanyoosha wangu nimshike bega, nikaona nao unatokea juu. Nikaushusha, nikaupitisha chini ya kiwiko chake na kumwegemeza.

Hakimu alienda kumimina kahawa, likatoka tope tu, akarudi kukaa na kikombe kitupu. Baada ya muda Mkanda alijifungua pole pole, akateremka kwenye aproni yangu, mzito kuliko nilivyodhani, mkavu, akaingia ndani ya mkono wa sweta la binti na kubaki humo, kichwa tu nje.

— Jumamosi mjomba wako akija, nikasema, mwambie alete panya wa kutosha mwezi mzima. Na kuumwa, unaniambia siku hiyohiyo.

— Ndiyo, mama.

— Sasa mrudishe. Ametulia.

Gauni la tatu nililimalizia jua likizama. Jioni nilipakua. Baba yao, mama mkwe tunayeishi naye, mtoto mkubwa, wa kati amekunja mikono ya sweta na dawa imeng'aa kwenye kidole, kitindamimba, mimi. Sita, na sahani sita. Nikaenda kupapasa kifuniko cha sanduku la wa saba, kimefungwa, nikarudi, nikakaa, tukala.