Kabla ya Injini, Majina

Baba Paroko, wazee wangu, majirani wa Nachingwea na ninyi mliotoka Ruangwa, mimi ni Teodosia, kitinda mimba wa marehemu, nimepewa karatasi hii ya maisha yake niwasomee.

Mzee Eustakio Saturnini alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kiegei, akiwa wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Saturnini na bibi Lusia, akaanza shule ya misheni mwaka 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, na walimu wake walimsifu kwa akili, siyo kwa mwandiko. Mwaka 1970 aliajiriwa kiwanda cha nguo Dar es Salaam, akajifunza kufuma, tarehe 5 Juni 1976 akafunga ndoa na mama yetu, Rosa Alfred wa Narung'ombe, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1994 alirudi nyumbani akafungua kiwanda chake hapa Nachingwea, mashine sita chakavu na injini moja ya dizeli, na wengi wenu mmelala ndani ya mablanketi yake. Injini hiyo ilizungusha mashine zote kwa mikanda, kwa hiyo Baba aliweka utaratibu ambao wageni waliucheka, kwamba anayewasha injini aite kwanza jina la kila aliyemo kiwandani, kila mmoja ajibu nipo, na asiyejibu asubiriwe hata saa nzima.

Hapa karatasi inasema tarehe 9 Agosti 2011 Baba alikatika mkono wa kushoto kwa uzembe wa mwendesha injini, Bakary Hemedy, ambaye hakuita majina. Ndivyo tulivyoandika kwenye kikao cha ukoo, na ndivyo mnavyojua wote. Mama, nisamehe, lakini uongo huu siwezi kuufukia pamoja na Baba.

Bakary alikuwa kisimani anachota maji ya kupozea injini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, simu yangu imeisha chaji, na chaji tulipata injini ikiwaka, basi nikawasha bila kuita hata jina moja, kumbe Baba yuko chini ya mashine ya nne anatoa nyuzi zilizojisokota. Alipopata fahamu hospitalini alisema ni Bakary, ili kunikinga mimi, nami nikanyamaza. Bakary aliapa hadi sauti ikamkauka, nani angemsikiliza, akarudi kwao Likunja kulima ufuta, na tangu hapo hakuna aliyemruhusu kugusa mashine.

Baba alianza kuugua kisukari mwaka 2019, figo zikafuata, tarehe 2 Septemba mwaka huu wa 2025 akalazwa hospitali ya misheni, na kutoka kitandani alinituma Likunja mara mbili nikamwite Bakary. Mara zote mbili nilifika njia panda ya kwao nikageuza pikipiki kwa woga, nikaja kumwambia Baba kwamba Bakary amekataa. Alifariki tarehe 26 alfajiri, akiuliza kama Bakary amefika.

Leo amefika, hakuna aliyemwita, amekaa kule nyuma karibu na masufuria.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia mgonjwa wetu, majirani waliopika na kulala matanga nasi, na wafanyakazi wa kiwanda waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Kiwanda nimeachiwa mimi, ufunguo wa injini nimeufunga kwenye pindo la kanga, na sijui mtanifanya nini nikishakunja karatasi hii, ila utaratibu wa Baba ni uleule. Bakary Hemedy, nakuita mbele ya watu wote, nimechelewa miaka kumi na minne, na injini haitawashwa mpaka uitike.

Baba, pumzika kwa amani, sisi tunasubiri.