Mahindi ya Wendell Bado Yamesimama

Benchi la ghala la nafaka limeegemea ukuta wa mizani, upande usio na upepo, na kahawa yake ni ya bure, chungu, iliyochemka tangu alfajiri. Oktoba hapa Nebraska hakuna anayelikalia kwa raha. Mahindi yanataka kuvunwa kabla ya theluji. Kanisani kuna karamu ya mavuno na kipaimara cha watoto. Ijumaa wajukuu wanacheza mpira, Jumamosi mpwa wa fulani anaoa. Mtu hukaa pale lori lake likingoja kupimwa, akamaliza kikombe, akaondoka. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ndefu. Duane Kolterman, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alikuwa amebanwa katikati ya Redio na Hakimu. Redio aliitwa hivyo kwa sababu habari zote zilipitia kwake, za kweli na za uongo. Hakimu hakuwahi kukanyaga mahakamani. Alipenda tu kufunga kesi za wenzake.

— Mmepita barabara ya kaskazini? Redio akaanza. Mahindi ya Wendell bado yamesimama. Hajagusa hata mstari mmoja.

— Anangoja yakauke, akasema Hakimu.

— Yakauke mara ngapi, bwana? Yanaanguka yenyewe! Kulungu wamenenepa kama ng'ombe.

— Basi anangoja bei.

— Wendell? Huyo hata bei ya soksi haijui. Mwenye kichwa cha biashara alikuwa marehemu mkewe.

Duane akajificha nyuma ya kikombe. Yeye na Wendell Haase walikua pamoja, na kila mwaka walivuna pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwezi wa nane walipomzika Marvel, mke wa Wendell, Duane alimshika bega pale makaburini akamwambia, "Nitapita." Kisha binti yake akajifungua mapacha, kombaini, mashine yake ya kuvunia, ikaharibika kwa wiki mbili, naye akafanywa mwenyekiti wa karamu ya kanisa.

— Mimi nasikia shamba ameuza, Redio akaendelea. Panajengwa mitambo ya umeme wa upepo.

— Acha hizo.

— Au kuna mwanamke, Omaha. Msicheke! Ameonekana akijipima suti.

— Kaonekana na nani?

— Na shemeji yangu kinyozi.

— Kesi imefungwa, akasema Hakimu. Kaona haya. Ndiyo maana hata ibadani haji.

— Au kahamia kwa Wakatoliki!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Duane naye alicheka, hadi alipoinua macho.

Mchungaji Solveig, mwanamke kijana aliyeletwa kanisani kwao juzi juzi tu, alikuwa amesimama mbele yao. Alikuja kutafuta watu wa kubeba meza za karamu.

— Habari za asubuhi, wazee. Mnamsema nani?

— Wendell Haase, Mchungaji. Tunajiuliza kapatwa na nini.

— Mimi simjui bado. Nani kati yenu amekwenda kumbishia hodi?

Redio akaanza kupangusa kahawa iliyomwagika. Mpima mizani akaita lori la Duane, akaita tena. Duane akasimama, akamtupia Redio funguo.

— Nipimie, alisema, akapanda gari la mchungaji kumwonyesha njia ya kwa Wendell.

Kwa Wendell mlango haukuwa umefungwa. Walimkuta jikoni, amevaa nguo za kazi, glavu mapajani. Ndevu zilikuwa zimemfunika uso, na nguo zilimning'inia.

— Ndugu yangu, Duane akasema. Una nini?

— Kila asubuhi navaa. Navaa mpaka viatu. Halafu nakaa.

— Si ungenipigia simu!

— Nilijua mna shughuli.

Hakulisema kwa uchungu wala kwa lawama. Laiti angelaumu. Mchungaji akabandika maji ya chai bila kuuliza.

— Kesho naleta kombaini, Duane akasema.

— Kesho mnawabatiza mapacha.

— Kesho kutwa, basi.

— Karamu, Duane.

Simu ikalia mfukoni mwa Duane. Alikuwa mkewe, Joleen, kutoka kanisani. Akaiacha. Ikanyamaza, ikaanza upya.

— Pokea, Wendell akasema taratibu. Anakungoja.

Duane akapokea. Ndiyo, meza. Ndiyo, anakuja. Hapana, hajui saa ngapi. Alipokata simu, Wendell alikuwa ameinuka, ameshikilia ukingo wa meza. Kwenye rafu yalipangwa mabakuli waliyoletea chakula kina mama wa kanisa siku za msiba, yameoshwa yakang'aa, kila moja na jina la mwenyewe chini yake. Akapekua, akatoa mawili yenye jina la Joleen, akayapangusa kwa mkono wa shati na kumkabidhi Duane.

— Mrudishie Joleen. Atayahitaji kwenye karamu.