Mama Wino na Bamba la Mwisho

"Zima huo mtambo! Utatumaliza na harufu!"

"Funga dirisha lako, jirani."

"Nifunge? Kwani nimekuomba upepo?"

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya kila siku, ghorofa ya tatu, ngazini. Aliyekuwa akifokewa ndiye tunayemkumbuka leo: Mama Wino, fundi wa redio, aliyetutoka juzi. Alifumua printa ya kuchapia barua akaizoeza kumeza bamba la shaba. Printa inachora njia za umeme kwa wino, wino unaokwa, bamba linazamishwa kwenye dawa inayokula shaba. Palipo na wino hapaliwi. Sakiti hiyo, tayari. Kwa printa ya barua, wasikilizaji. Ya barua!

Siku ya mafuriko, barabara zote zimefungwa, jirani yule yule akagonga mlango. Mashine ya kumsaidia mumewe kupumua ilikuwa imeungua sakiti. Mtungi wa akiba ulikuwa na hewa ya saa mbili. Saa mbili tu.

"Dada, nisamehe mdomo wangu. Mume wangu anakwisha."

"Lete mashine. Mdomo tutaurekebisha baadaye."

Bamba lilibaki moja. Binti wa Mama Wino anasimulia: "Mama alichapa, akalichukua akalioke. Mara akaganda. 'Mungu wangu, nimeugeuza mchoro!'"

Zamani Mama Wino alihamisha michoro kutoka kwenye karatasi kwa pasi, na kwa pasi lazima uugeuze, kama unavyojiona kwenye kioo. Printa haitaki hivyo. Mkono ulifuata mazoea. Lingeokwa vile, likaliwa na dawa vile, basi tena.

Akafuta wino kwa spiriti. Akachapa upya. Mshale wa mtungi ukagusa nyekundu. Akaoka, akazamisha, akatoboa, akalehemu vipuri vya zamani, jirani kasimama mlangoni, harufu ile ile ikimpiga pua. Mashine ikakohoa. Ikanyamaza. Kisha ikanguruma.

Kwa mume wa Mama Wino na binti yao: poleni sana, tunalia nanyi. Na sisi wengine tujiulize, nani tumemfokea asubuhi ya leo?

Jana tulimkuta binti amekaa ngazini, hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Mlango wa jirani ukafunguka. Ndani, mzee amekaa mezani, mashine inanguruma kando yake.

"We mtoto, unataka nikufokee kama nilivyomfokea mama yako? Inuka. Ingia ule."